Mafuta ya Mbata katika Chupa ya Mama Mkwe

Kwetu Chiwata, upande wa Masasi, nilikulia mafuta ya ufuta na ya karanga. Ya mbarika tulinyweshwa tulipofunga choo. Nazi niliiona mara chache sana, zaidi wakati wa Krismasi, mama alipotia tui kwenye wali na sisi watoto tukagombea ukoko. Kwa hiyo mpaka naoa, niliamini kwamba mafuta ya nazi ni kitu kimoja. Niliamini hivyo nikiwa nimesoma mpaka sekondari, na naona sasa kwamba shule ilinisaidia kuamini. Tulifundishwa kuwa ukichemsha kitu umekisafisha, nami nikadhani hakuna tena cha kujua.

Mtoto wangu wa kwanza aliishi siku tisa. Mama wa mke wangu aliishi miaka mingi baada ya hapo, lakini kazi yake ilikufa wiki ile ile. Yote mawili yalipitia mkononi mwangu, na sitafuti wa kugawana naye.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Nilikuwa nimepangiwa kufundisha Newala, nikaoa huko huko. Mtu wa Masasi akipanda uwanda wa juu wa Newala kwa mara ya kwanza hushangazwa na hewa, ile baridi ya asubuhi na ukungu unaopanda kutoka bondeni ukaziba hata mlango wa jirani. Baada ya wiki moja hushangazwa na maji. Kule juu hapakuwa na kisima. Bomba lilikuwa halijafika mtaani kwetu, na wanawake waliteremka ukingo wa uwanda alfajiri, wakangoja zamu kwenye chemchemi, wakarudi jua likiwa kali, kila mmoja na debe moja kichwani. Debe hilo lilikuwa la kunywa na kupika. Kuoga kulikuwa kwa kikombe na kitambaa.

Ndiyo maana kule mtoto mchanga hakuogeshwa. Alipakwa mafuta. Akitoka tumboni alifutwa kwa kitambaa laini kilicholoweshwa mafuta ya uvuguvugu, na kila asubuhi vivyo hivyo, mikunjo ya shingo, kwapa, utosi, na mwishoni kitovu, mpaka kikauke na kudondoka. Wenye mashamba walitumia ufuta. Lakini mama mkwe wangu alizaliwa upande wa Mikindani, akaolewa juu akiwa msichana, na alikuja na nazi yake. Alikuwa mkunga. Mtaa mzima wa kwetu, watoto waliokuwa wakitambaa na vijana waliokuwa wakioa, wengi walipokewa na mikono yake na kupakwa mafuta yake.

Mke wangu ndiye aliyenifundisha juu ya mafuta hayo, jioni moja nilipotia mkono kwenye rafu nikachukua kichupa nijipake miguu. Alininyang'anya. Akasema hayo si ya miguu ya mwalimu. Alieleza kuwa mama yake alikuwa na mafuta ya aina tatu, na kila aina ina nyumba yake. Ya kwanza ni ya tui lisiloona moto. Nazi mbichi inakunwa, tui la kwanza linakamuliwa na kuachwa kibuyuni mpaka kesho yake, mtindi mzito unapanda juu, unaenguliwa na kuwekwa juani mpaka mafuta yajitenge yenyewe, meupe kama maji. Hayo ni machache sana, nazi kumi kikombe kisichojaa, na ni ya mtoto katika siku zake za kwanza na ya jeraha. Ya pili ni ya tui lililopikwa. Linachemka chunguni muda mrefu, mpaka maji yaishe na chenga za hudhurungi zibaki chini, na harufu yake inaita jirani. Hayo ni ya chakula, ya nywele, na ya mtoto akishakaza shingo. Ya tatu ni ya mbata. Nazi inapasuliwa, inaanikwa chini au kukaushwa kwa moshi wiki nyingi, inapelekwa kinuni pwani na kukamuliwa. Hayo ni ya taa na sabuni.

"Na ya mwalimu?" nikamuuliza.

"Ya mwalimu ni ya mbata," akasema. "Ngozi yako ngumu kama ubao wako."

Tulicheka. Nilidhani ni mambo ya wanawake, kama vile kutofagia jioni.

Jambo moja zaidi lazima nilieleze, maana bila hilo hutaelewa jinsi tulivyofika tulikofika. Mimi na mama mkwe wangu hatukuwa tukitazamana. Ilikuwa heshima, na kila mtu kule aliishika. Akiingia uani nami nipo, nilihamia upande mwingine. Nikipita njiani, aligeuka akasimama akiangalia mihogo. Hatukusalimiana uso kwa uso wala kula mahali pamoja. Alipokuwa na neno kwangu alimwambia mke wangu, nami nikiwa nyuma ya ukuta wa fito nasikia kila kitu, kisha mke wangu alinirudia neno hilo hilo kana kwamba limetoka mbali. Na hakuweza kunikatalia. Alichokileta mkwe kilipokelewa. Kama hakikumpendeza, aliuliza swali, na mkwe mwenye akili alilielewa swali lile akakiondoa mwenyewe bila mtu kuaibika.

Miezi miwili kabla ya mke wangu kujifungua, mvua zikiwa zimeanza, nilipata likizo nikataka kushuka Masasi kuwasalimia wazazi. Mama mkwe alileta chupa. Ilikuwa chupa ndefu ya kijani, imeoshwa kwa majivu, na kizibo cha gunzi la muhindi. Nilimsikia nje ya ukuta akimwambia binti yake.

"Mwambie mwalimu alete nazi, nitatengeneza mwenyewe. Akimpata mwanamke wa pwani aliyetengeneza ya jua, ayatie humu. Ya dukani asilete. Akikosa kabisa, arudishe chupa tupu, tutatumia ufuta."

Arudishe chupa tupu. Ninayakumbuka maneno hayo kuliko aya yoyote niliyokaririshwa. Njia ya kukosa bila lawama nilikuwa nimepewa kabla sijaondoka.

Masasi hapakuwa na nazi. Lori lililokuwa likizileta kutoka Lindi lilikuwa limekwama njiani, Nanganga, mto umejaa, na dereva alikuwa akizigawa huko huko kwa waliozifuata kabla hazijaharibika. Baiskeli nilikuwa nayo. Ilikuwa siku nzima ya tope kwenda na siku nzima ya tope kurudi. Nilisema nitakwenda kesho. Kesho yake wenzangu niliosoma nao, nao wakiwa likizoni, waliniita, tukakaa barazani mvua ikinyesha, tukibishana nani atatawala Mwingereza akiondoka na kama walimu wataongezewa vyeo. Siku ya tatu ilikuwa hivyo hivyo. Siku ya nne lilipatikana gari la kupanda Newala alasiri, na chupa ilikuwa bado tupu mfukoni mwa koti langu.

Niliingia dukani nikamwomba mwenye duka mafuta ya nazi. Alifungua debe. Yalikuwa ya manjano, na yalinuka moshi na kitu kingine chini ya moshi, kama gunia lililolowa likafungiwa ndani. Aliitazama chupa yangu, jinsi ilivyosafishwa.

"Mwalimu, haya ya mbata," akasema. "Ya koroboi na sabuni. Kama unataka ya mtoto, subiri lori."

"Nazi ni nazi," nikamwambia. "Nitayachemsha."

Alichukua faneli akajaza.

Niliyachemsha kweli, kwenye jiko la mama yangu, na nilitia majani ya mlimau ili kuua harufu. Nikayachuja kwa kitambaa mara mbili. Yalipopoa yalikuwa na rangi nzuri kuliko mwanzo na yalinuka limau, na niliona nimefanya kazi ya kisomi. Lakini mtu asiye na la kuficha hatii limau. Nilijua hilo nikiwa nachochea.

Mke wangu alijifungua mtoto wa kike, asubuhi ya ukungu mzito kiasi kwamba waliokuja kupongeza tulisikia sauti zao kabla ya kuwaona. Mama mkwe alimpokea, akakata kitovu, akamfunga. Kisha nikasikia kizibo kikitoka kwenye chupa. Baada ya hapo ukimya, mrefu kuliko unavyotakiwa kumpaka mtoto.

Mke wangu aliniita kwa sauti ya kuchoka. "Mama anauliza, haya yalitengenezwa na nani?"

Nilisimama nje ya ukuta ule. Nilijua swali lile ni nini. Ningesema tu, "Mwambie mama ni ya taa, nilichanganya," na ufuta ulikuwepo ndani, robo ya kibuyu. Lakini alikuwepo shangazi wa mke wangu na jirani mmoja, na mimi nilikuwa mwalimu.

"Mwanamke mmoja wa Lindi aliyehamia Masasi," nikasema. "Ni mtu mzima, anatengeneza ya jua."

Nikasikia mtoto analia anapopakwa.

Kesho yake mafuta yaliganda, kama mafuta ya nazi yanavyoganda kule juu asubuhi za baridi. Sasa najua kuwa ya tui huganda meupe, laini, kama mshumaa wa kanisani. Yale yaliganda manjano, na vipande vizito vilikaa chini. Mama mkwe aliishika chupa akaiinua penye mwanga wa mlango. Niliona mkono wake tu, na chupa, kupitia upenyo wa fito. Akauliza tena, kupitia kwa mke wangu, kama yule mwanamke wa Lindi bado yuko Masasi, angependa siku moja kumsalimia. Nikasema amehama.

Lilikuwa swali la pili. Hapakuwa na la tatu, kwa sababu adabu hairuhusu.

Siku ya tano vipele vilitoka shingoni mwa mtoto, vyekundu, kisha vyenye maji. Kitovu kilikuwa hakijakauka. Kilinuka, na ngozi iliyokizunguka ilikuwa ngumu na ya moto. Siku ya saba asubuhi alilia kwa njaa akapewa ziwa, akashindwa kulishika. Alitaka na hakuweza. Mdomo haukufunguka. Mke wangu alidhani ni maziwa, akabadilisha upande. Mama mkwe alimchukua mtoto, akapitisha kidole kwenye taya, akamrudisha kwa mama yake, na akatoka nje kukaa chini karibu na mlango, mikono juu ya magoti.

Tulimpeleka zahanati. Mganga alimgusa shavu, mtoto akakakamaa mwili mzima kama upinde. Akasema ni pepopunda, akatuuliza kitovu kilikatwa na nini. Mama mkwe, akiwa amesimama nyuma kabisa, alijibu kuwa ni wembe mpya, uliochemshwa. Mganga akauliza kilipakwa nini.

"Mafuta ya nazi," nikasema mimi.

Akaandika. "Ya nazi ni ya kawaida," akasema. "Basi itakuwa wembe. Au mikono. Hatuwezi kujua."

Nilikuwa na nafasi ya neno moja pale, mbata, nami sikulisema. Sijui kama lingemwokoa mtoto. Nadhani lisingemwokoa, alikuwa ameshakwenda mbali. Lakini mama mkwe wangu alikuwa amesimama pale, akisikia neno "mikono", na yeye lingemwokoa.

Siku ya nane mke wangu aliniambia nimbatize, padri alikuwa safarini na hakuna aliyejua atarudi lini. Maji yaliyokuwemo ndani yalikuwa kikombe kimoja. Nilimbatiza kwa nusu, nusu akanywa mama yake. Alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri.

Mafuta yaliyobaki yalitiwa kwenye koroboi, nadhani na shangazi, ambaye hakujua lolote ila kwamba kitu hakitupwi. Yaliwaka vizuri sana. Mwali ulisimama wima, hautoi cheche. Watu waliokuja matangani walikaa kwenye mwanga ule siku tatu, nami miongoni mwao nikipokea pole.

Maneno yalianza kabla matanga hayajaanuliwa. Mwanzo yalikuwa ya upole, kwamba bibi sasa amezeeka, macho yake hayaoni vizuri. Baadaye wakakumbuka mtoto mwingine wa miaka iliyopita, na mwingine aliyezaliwa mfu kabla ya huyo, na mwanamke fulani aliyetokwa na damu. Mambo ambayo kila mkunga anayo wakayapanga pamoja. Mwisho wakasema mkono wake umeharibika, na wengine walisema kwa sauti ya chini kwamba umeharibiwa kwa makusudi, kwamba wazee wanaokula watoto huanza na wa nyumbani kwao. Mke wangu alirudi kutoka chemchemini siku moja debe likiwa nusu. Mwanamke mmoja alikuwa amemuuliza, mbele ya foleni yote, kama mama yake ameshiba sasa au bado.

Hakuna aliyemwita tena. Nilimwona mama mkwe mara nyingi katika miezi ile, kwa mbali, amekaa mbele ya nyumba yake akisikiliza. Mwanamke akiwa na uchungu mtaani mkunga anajua, hata asipoambiwa. Alikuwa anasimama, anafunga khanga, anangoja. Kisha anakaa tena.

Mimi nilikwenda shuleni, nikafundisha, nikarudi. Ningeweza kusema nilikuwa na huzuni ya mtoto, na nilikuwa nayo. Lakini kilichonifunga mdomo kilikuwa woga. Kila wiki iliyopita, ukweli ulizidi kuwa mgumu, kwa sababu sasa ningelazimika kueleza pia ile wiki.

Mwaka wa pili mke wangu alikuwa na mimba tena. Ndugu zangu walileta habari kutoka Chiwata kwamba safari hii atafutwe mkunga mwingine, na shangazi yangu atapanda kuja kusimamia. Jioni hiyo nilimweleza mke wangu yote: lori la Nanganga, baraza, debe, majani ya mlimau. Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua.

Nilipomaliza alisema, "Mama alijipaka kwanza mgongo wa mkono. Ulimwasha mpaka jioni."

Nilimuuliza kwa nini basi alimpaka mtoto.

"Angeyamwaga, watu wangesema amemwaga mafuta ya mkwe wake. Alikuuliza. Akakuuliza tena." Akapeta ungo mara moja, pumba zikaenda. "Mimi usiniambie. Kawaambie wao."

Nilikwenda. Mwanaume hateremki chemchemini wakati wa zamu za wanawake, ila nilikwenda. Nilisimama juu kidogo ya foleni, ukungu ukiwa bado haujainuka, nikawasalimia na kusema nilichokuja kusema. Kwamba mafuta aliyopakwa mwanangu yalikuwa ya taa. Kwamba niliyanunua mwenyewe nikiwa nimeonywa, nikayaficha harufu, nikaulizwa mara mbili nikadanganya. Kwamba mikono ya mama mkwe wangu haikuwa na kosa.

Waliniacha nimalize. Walikuwa na adabu. Mzee kuliko wote, yule aliyekuwa amemuuliza mke wangu kama mama yake ameshiba, alitua debe lake.

"Mwalimu," akasema, "kweli wewe ni mkwe. Wangapi wangejivika jambo kama hili ili kumsitiri mama mkwe?"

Wengine wakaitikia. Mmoja alisema mume wake mwenyewe asingeweza. Niliwaambia sisitiri mtu, nimekuja kusema kweli. Nikawatajia duka. Kadiri nilivyoongeza ndivyo walivyozidi kunihurumia, na nikaona katika nyuso zao kwamba sasa wameamini kuliko mwanzo, maana mtu hajitoi kiasi hicho ila kuna jambo zito la kufunika. Wakaniombea Mungu anijalie mtoto mwingine. Zamu ikaendelea.

Kama ningesema siku ile ya kwanza, nje ya ukuta wa fito, lingekuwa kosa langu, la mtu mmoja. Kama ningesema zahanati, lingeandikwa. Nililisema baada ya mwaka na nusu, likageuka kuwa sifa yangu.

Nazi za mtoto wa pili nilizifuata mwenyewe Mikindani, ishirini na nne, nikapanda nazo na gari la muhogo. Nilizitua uani kwa mama mkwe nikarudi nyuma ya ukuta. Alizikuna zote peke yake, siku mbili. Nilisikia mbuzi ya kukunia nazi ikikwaruza tangu asubuhi, na niliona vibuyu vikiwa juani, naye amekaa kando akifukuza nzi kwa tawi. Uchungu ulipoanza, shangazi yangu na mkunga waliyemleta kutoka upande wa pili wa Newala walikuwa wameshaingia.

Mama mkwe alikuja na mafuta yake kwenye bakuli jeupe, limefunikwa. Yalikuwa meupe kama maji. Alisimama kizingitini. Shangazi yangu akatoka, akamwamkia shikamoo kwa heshima zote, akapokea bakuli kwa mikono miwili, akashukuru. Kisha akaingia na kurudishia mlango.

Mama mkwe alibaki hapo. Mimi nilikuwa upande wa pili wa uwanja, nami ilinipasa kuhama, lakini sikuhama. Alisikiliza kidogo. Ndani mke wangu alianza kusukuma, na nikamwona mama yake anafungua viganja vyake taratibu, kama wanavyofungua wakati wa kupokea, anavitazama, halafu anavifunga.